Mnara wa Tisa Hauoni

Zadock Wekesa alipewa kiti akakataa. Alisimama kando ya mlango wa kiofisi cha nyuma ya ukumbi, kofia kwapani, macho mekundu kwa kukesha, na kitu cha kwanza Serah Mutheu alichokitazama ni viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi hiyohiyo. Serah alikuwa mpelelezi wa polisi miaka tisa, Kitui na Nakuru, kabla kampuni ya ulinzi ya hapa Dubai haijamwajiri kuchunguza mambo yake ya ndani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mwizi anayepiga viatu rangi baada ya kuiba. Hakuliandika hilo, maana si ushahidi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ukumbi huu wa chini wa hoteli, mtaa wa Al Mankhool, ulikuwa na maonyesho ya minara ya ulinzi ya rasi ya Salento, kile kisigino cha Italia kinachoingia baharini. Kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa ramani ya pwani hiyo, imechorwa kwenye ngozi zaidi ya miaka mia nne iliyopita, si kubwa kuliko sinia ya chai. Saa tatu asubuhi hii ya Jumamosi, mgeni aliyetumwa na wenye ramani alifika kutoka Lecce, akainama juu ya kabati la kioo, kisha akasema ile ni nakala. Ya asili imekwenda.

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika jengo zima dakika ishirini. Kamera zilikufa. Mtu pekee aliyekuwa ukumbini, na sanduku la funguo karibu yake, alikuwa Zadock. Bi Badriya, mwenye maonyesho, aliwapigia polisi, wakasema watafika saa sita. Wakimkuta hivi alivyo wangeondoka naye, na hata kama angeponea jela, angepandishwa ndege na jina la mwizi, asivae tena sare ya ulinzi popote duniani. Ilikuwa saa nne kasoro.

"Stima ilipopotea ulikuwa wapi?" Serah aliuliza.

"Mlango wa mbele, Madam. Rule inasema ikipotea unasimama kwa mlango, unawasha tochi, hutoki hapo hadi irudi. Nilisimama."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Ndio shida yangu."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Uko kwa box, na seal yake. Tangu tuanze sijaugusa."

Serah alikuwa ameshaitazama hiyo lakiri. Ilikuwa nzima, lakini za akiba zilikuwa kwenye droo isiyofungwa, na polisi wangeliona hilo kabla hawajavua miwani ya jua. Alivuta daftari la zamu ya usiku. Daftari la mlinzi ndicho kitabu kinachoandikwa zaidi na kusomwa kidogo kuliko vyote hapa mjini. Walinzi wanalijua hilo, ndiyo maana wengi huandika "hali ni shwari" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata siku bomba limepasuka. Serah alilisoma lote, wiki tatu, mstari kwa mstari.

Maandishi ya Zadock yalikuwa tofauti. Karibu kila jioni, wakati wa kupokea zamu, aliandika maneno yaleyale: "Minara yote 14 imewaka. Moto umefika Gallipoli."

"Hii ni nini?"

Kwa mara ya kwanza kijana alilegea mabega. "Njoo nikuonyeshe, Madam. Kuongea tu hutaelewa."

Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa wageni. Katikati, sakafu ilichorwa umbo la rasi nzima, buluu huku na buluu kule, bahari ya Adriatiki upande mmoja na ya Ionia upande wa pili. Pembezoni, kufuata pwani, ilisimama minara kumi na minne ya mbao, kila mmoja juu ya sanduku lake lenye kimo cha kiuno. Minara ya kweli ni mingi kuliko hiyo, lakini ukumbi una mipaka yake.

"Hawa watu walivamiwa mwaka 1480," Zadock alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumzia kwao. "Waturuki wakateka Otranto, hapa. Wakakaa mwaka mzima na kitu. Miaka mingi baadaye watawala wakasema khalas, imetosha, pwani yote ijengewe minara ya mawe. Sheria ni moja, kila mnara uone mwenzake. Mchana moshi, usiku moto. Jirani akiwasha, unawasha. Na katikati kuna watu wa farasi wanazunguka ufukweni. Habari inatoka Otranto, inapita Leuca pale kwa ncha, inapanda hadi Gallipoli, ile ya Italia si ile ya Uturuki, kabla adui hajashusha nanga."

"Umefundishwa na nani?"

"Nimesimama hapa wiki tatu, masaa kumi na mbili kwa siku. Nimesoma kila kibao. Na kitu kimoja kilinishika. Huko juu kwa minara hakukuwa na wakubwa. Walikuwa security, Madam, kama sisi. Hakuna aliyejua majina yao, lakini mmoja akisinzia mji mzima unaisha."

Serah alijivunia kijana huyu, na hakuona haya kujivuna. Akauliza minara ya mbao inawakaje. Kila mmoja, Zadock alieleza, una taa upande mmoja na jicho dogo la kioo upande mwingine. Ukibonyeza swichi ya Otranto, wa kwanza unawaka. Jicho la wa pili likipata mwanga wa wa kwanza, nao unawaka, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Hakuna waya unaoupeleka moto. Kila mnara lazima uone.

"Sasa kabla sijasaini kupokea zamu, nabonyeza. Moto ukizunguka ukafika mwisho, najua kila kitu kiko kwa place yake. Hakuna aliniambia nifanye hivyo. Niliamua tu."

Serah alirudi kwenye daftari alilokuwa amelishika mkononi. Jumatano jioni, minara kumi na minne. Alhamisi jioni, kwa mkono uleule: "Moto umekomea mnara wa 8. Wa 9 hauwaki. Nimeripoti kwa Bw. Badar." Ijumaa jioni, hivyo hivyo.

"Bwana Badar, huyu anayetunza makabati, alisemaje?"

"Taa imeungua. Akasema nisiuguse, ni kazi ya mafundi."

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia leo. Mnara ulizimika kabla ya Alhamisi jioni. Serah alisimama na hesabu hiyo fupi, akamuuliza Zadock swali moja la mwisho, kama Alhamisi ukumbi ulifungwa wakati wowote. Zadock hakujua, mchana si zamu yake. Lakini Tonny angejua.

Kabla hajamwita Tonny, Bi Badriya aliingia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, amezaliwa hapahapa Dubai kwa wazee wa Unguja, na amesomea majengo ya kale Lecce miaka sita. Buibui lake lilikuwa la kitambaa kizuri na macho yake yalikuwa yametoka kulia.

"Bi Serah, mie ramani ile nimeiomba miaka mitatu. Mitatu! Wamenipa amana, si kwa mkataba tu, kwa imani. Wazee wetu walikuwa watu wa bahari, nikataka watu wa hapa waone wenzao wa bahari nyengine walivyoilinda pwani yao. Leo n'tamtazama vipi yule mgeni?"

"Nipe mpaka saa sita, Bi Badriya."

"Hao polisi ndo saa sita wanakuja."

"Basi nipe mpaka hiyo hiyo. Ufunguo wako wa kabati, umewahi kumpa mtu?"

"Hasha. Labda Badar tu, akibadilisha vile vifuko vya kunyonya unyevu. Lakini yule mtoto wa kaka yangu, na mlinzi huwapo. Ndo sharti la wenye ramani, kabati halifunguliwi ila mlinzi kasimama."

Tonny Kamau wa zamu ya mchana alikuja akitafuna ubani. Alikuwa mtu wa Nairobi, mcheshi, na aliketi kabla hajaambiwa. Serah alimfungulia daftari lake mwenyewe, ukurasa wa Alhamisi. Saa kumi hadi saa kumi na nusu alasiri, ukumbi umefungwa, Bw. Badar anabadilisha vifuko, mlinzi yupo ndani.

"Ulikuwa ndani?"

"Mwanzo mwisho, Madam."

"Na doria ya saa kumi na robo ulifanya?"

"Kama kawa. Hata system itakuonyesha."

"Imenionyesha." Serah aligeuza simu yake. Kwenye kuta za ukumbi na korido hubandikwa vifungo vya chuma, na mlinzi akipita hukigusa kila kimoja kwa kifaa chake, mashine ikaandika saa na sekunde. "Vifungo vinane, Tonny. Umevigusa vyote kwa sekunde hamsini na mbili. Zadock akizunguka huchukua dakika kumi na nne. Umekuwa mwepesi tangu lini?"

Tonny aliacha kutafuna.

"Twende unionyeshe kifungo cha tano."

Walikwenda. Ukutani palikuwa na alama ya gundi na duara safi katikati ya vumbi. Cha sita hivyo hivyo. Serah alinyoosha tu mkono, na Tonny akaenda droo ya chini ya meza ya mapokezi, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani vifungo vyote vinane vilikuwa vimepangwa vizuri, kwa mpangilio wa doria, tayari kuguswa na mtu aliyekaa. Kila jioni alivirudisha ukutani kwa gundi mpya ili Zadock asijue, na asubuhi akavibandua tena. Ni kazi kubwa kuliko kutembea, lakini uvivu wa namna hiyo una bidii yake.

"Madam, usinimalize. Hii si ni kitu kila mtu hufanya?"

"Pwani nzima umeiweka kwa mkebe, Tonny. Alhamisi saa kumi ulikuwa wapi?"

Aliangalia sakafu. "Lobby. Bwana Badar aliniambia, yalla, enda ukunywe chai ya karak, mimi niko hapa, kazi ni ya dakika tano. Ni familia ya mwenyewe, nikaona hakuna noma. Nikaandika niko ndani kwa sababu form inataka hivyo."

"Karak ya nusu saa?"

"Nilikunywa mbili."

Kamera ya hoteli ilimtetea. Serah alimwomba msimamizi wa mapokezi amwonyeshe Alhamisi, na kweli Tonny alionekana kwenye kochi la lobi, glasi mkononi na mkebe wa biskuti kando yake, tangu saa kumi na dakika mbili hadi saa kumi na nusu. Alikuwa mwongo na mvivu, lakini ramani hakuigusa. Ilikuwa saa tano na nusu.

Serah aliwaita wote ukumbini: Bi Badriya, Badar, Tonny na Zadock. Badar alikuwa kijana wa miaka thelathini, kanzu yake imenyooka bila kunyanzi, simu mbili mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza makabati, na kesho maonyesho yakifungwa ndiye angefungasha kila kitu, minara yote kumi na minne ikapelekwe nyumbani kwa shangazi yake, Al Warqa.

"Zadock," Serah alisema, "fanya unavyofanya kila jioni."

Zadock alivaa kofia kwanza. Kisha akabonyeza swichi ya Otranto. Moto mdogo wa manjano ukawaka, ukarukia wa pili, wa tatu, ukashuka pwani ya Adriatiki taratibu, ukapinda kule Leuca kwenye ncha ya rasi, ukafika wa nane. Hapo ukakaa. Wa tisa ulibaki giza, na wote waliofuata.

"Taa imeungua," Badar alisema. "Nilishawaambia. Kesho tunafungasha, ya nini kuhangaika nayo?"

"Nipe tochi yako, Zadock."

Serah aliwasha tochi, akaisogeza mbele ya jicho la mnara wa tisa, akaipandisha kidogo, kidogo tena. Mnara wa tisa ukawaka. Mara hiyo wa kumi nao ukashtuka kidogo, ukazima.

"Taa ni nzima," Serah alisema. "Mnara huu si mgonjwa. Hauoni tu. Moto wa jirani unapita chini ya jicho lake, na moto wake unapita juu ya jicho la mwenzake. Kwa nini?"

Serah alitoa rula mfukoni, akampa Bi Badriya, si kwa heshima tu bali kwa sababu macho ya mwenye mali hayabishiwi. Bi Badriya alipima kimo cha mnara wa nane tangu ukingo wa sanduku hadi jichoni, akapima wa kumi. Vilikuwa sawa. Alipima wa tisa, akapima tena.

"Umezidi," alisema polepole. "Upana wa kidole."

"Usiguse hiyo," Badar alisema. "Shangazi, itavunjika, mwambie asiguse."

"Zadock, unyanyue," Serah alisema.

"Hapana, Madam," Zadock alijibu. "Mwenye vitu yuko hapa. Aseme yeye."

Bi Badriya alimtazama mlinzi huyo kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, na baada ya wiki tatu labda ilikuwa kweli. "Unyanyue, mwanangu."

Zadock na Tonny waliushika huku na huku wakauinua. Chini yake, juu ya sanduku, palikuwa na kadibodi mbili nene nyeupe, zimefungwa kwa utepe wa pamba, na vifuko vinne vya kunyonya unyevu vimepangwa pembeni kwa uangalifu. Bi Badriya alifungua utepe mwenyewe. Pwani ya Salento ilikuwa imelala ndani, nzima, na kila mnara umechorwa kwa wino wa kahawia.

"Mwizi aliijua ngozi," Serah alisema. "Hakuikunja, hakuiacha ipate jasho. Mlangoni mifuko inapekuliwa na walinzi, kwa hivyo asingeweza kutoka nayo. Lakini kesho minara inatoka yenyewe, imefungashwa na yeye, hadi Al Warqa, na hakuna anayepekua mali ya nyumbani. Bwana Badar, Alhamisi ulikuwa na ufunguo, ulikuwa na nusu saa, na ulimwondoa mlinzi. Jioni yake Zadock akakwambia mnara hauwaki, ukamkataza kuugusa. Umeme ulipokatika usiku wa jana ulishukuru, nadhani."

"Nani anasoma daftari la security?" Badar alisema. Alilisema kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililokuwa ungamo lake.

Lililobaki lilitoka kwa vipande. Kulikuwa na mkusanyaji wa ramani aliyemfuata Badar siku ya ufunguzi; nakala aliileta yeye, alikuwa na haja na ile ya asili, alikuwa na subira. Badar aliinamisha kichwa, akahamia Kiarabu, akarudi Kiswahili.

"Shangazi, imepatikana. Haikuchubuka hata. Mwambie mgeni ilichanganywa na nakala wakati wa kusafisha. Polisi waambie tumekosea. Tutalimaliza nyumbani, kwa baba. Jina ni letu sote."

Bi Badriya alikaa kwenye kiti cha mlinzi. Alizeeka pale pale. Kisha akamgeukia Zadock, na maneno yake yakatoka kwa taabu. "Kijana, wewe utabaki kazini. N'taiandikia kampuni yako, niseme yamekwisha, tumekusamehe."

Serah alifungua kinywa, lakini Zadock alimtangulia.

"Madam, asante. Lakini sitaki kusamehewa." Alizungumza kwa heshima, mikono nyuma. "Anayesamehewa ni mtu alifanya kitu. Mimi nataka iandikwe kwamba sikuiba. Asubuhi mliniambia nisimame hapa kama mwizi mbele ya watu wote wa hoteli, na nikasimama. Nililinda hii ramani kama hao watu wa minara walivyolinda kwao. Kama hiyo haiwezi kuandikwa, basi niende tu na hao polisi, nitawaambia mwenyewe."

Bi Badriya aliitazama ramani iliyokuwa mapajani mwake. Badar alimgusa bega, Bi Badriya akaliondoa.

Saa sita kasoro dakika mbili maafisa wawili waliingia kwa mlango wa mbele, mmoja mzee, mmoja kijana, wakasalimu. Yule mzee alitoa karatasi yenye jina la Zadock, akauliza kwa Kiarabu ni yupi mshukiwa. Zadock alivua kofia na kupiga hatua moja mbele, kwa sababu jina lililoandikwa lilikuwa lake.

Bi Badriya aliinuka. Alimrudisha Zadock nyuma kwa mkono wake, akasimama mbele yake, akamjibu afisa kwa Kiarabu, kisha akayarudia yote kwa Kiswahili ili kila aliyekuwa ukumbini ayasikie.

"Huyu ndiye mlinzi aliyeilinda. Mnayemtafuta ni mtoto wa kaka yangu, huyu hapa, na mimi ndiye ninayemshtaki."